Mguu Umeunga, Lakini Haukunji

Jinsi ya kumpata mtaalamu wa tiba ya viungo, na jinsi ya kuuliza kama bima yako inapokelewa

Katika vijiji vyetu wapo watu ambao ugonjwa wao umekwisha, lakini hawajapona. Utawaona Mugango. Utawaona Suguti, Butiama na Bunda. Yupo aliyevunjika mguu. Mfupa umeunga, lakini goti halikunji. Yupo aliyepata kiharusi. Uhai umebaki, lakini mkono mmoja umelala. Yupo mama ambaye mgongo unamzuia kuinama shambani. Yupo mtoto wa mwaka mzima ambaye bado hawezi kukaa.

Watu hawa huambiwa, "Mshukuru Mungu, umepona." Nao hushukuru. Kisha hukaa chini ya mwembe kutwa nzima, wakiwatazama wenzao wanakwenda ziwani na shambani.

Wengi wao wanaweza kusaidiwa. Yupo mtaalamu ambaye kazi yake ni hiyo. Leo tutaeleza mtaalamu huyo ni nani na anapatikana wapi. Pia tutaeleza maswali ya kuuliza juu ya bima kabla hujapanda gari.

MFANO WA MVUVI

Tuchukue mfano wa mvuvi mmoja wa Mugango. Ana miaka hamsini. Ana mke, watoto watano na mtumbwi mmoja.

Asubuhi moja alikuwa akisaidia kuvuta mtumbwi nchi kavu. Akateleza kwenye mawe. Mtumbwi ukamlalia mguu. Alipelekwa hospitali, akapigwa picha, ikaonekana mfupa umevunjika chini ya goti. Akafungwa plasta ngumu, ambayo wengine huiita hogo. Plasta ilianzia pajani hadi kwenye vidole.

Baada ya wiki nyingi plasta ikafunguliwa. Daktari akasema, "Mfupa umeunga vizuri." Wote wakafurahi. Lakini mvuvi alipotaka kukunja goti, halikukunja. Mguu ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake. Akajaribu kuukanyagia, ukamtetemeka.

Miezi miwili ikapita. Hakwenda ziwani. Mtumbwi ukakodishwa kwa mtu mwingine. Majirani wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema ni umri. Mwingine akasema kuna mkono wa mtu.

Ndugu msomaji, hapakuwa na mkono wa mtu. Tutazame sababu yenyewe.

KWA NINI KIUNGO HUKAKAMAA?

Fikiria mlango wenye bawaba za chuma. Ukiufunga mlango huo masika yote bila kuufungua, bawaba zitashika kutu. Siku ukitaka kuufungua, utakataa. Mlango haukuvunjika. Umekaa bila kazi.

Kiungo cha mwili ni hivyo hivyo. Goti, kiwiko na bega vimeumbwa ili vitumike. Vikikaa wiki nyingi bila kukunjwa, ngozi na mishipa inayovishika hujikaza. Nyama za mguu nazo husinyaa, maana hazina kazi. Kwa hiyo plasta hufanya mema mawili na mabaya mawili. Huutuliza mfupa ili uunge, na hupunguza maumivu. Lakini hukakamaza kiungo, na hudhoofisha nyama.

Mabaya hayo mawili huondolewa kwa mazoezi. Lakini mazoezi yenyewe yana elimu yake. Ukizidisha, unaumia. Ukipunguza, hupati kitu. Ukikosea aina, unaharibu. Ndiyo maana yupo mtaalamu.

MTAALAMU HUYU NI NANI?

Anaitwa mtaalamu wa fiziotherapia. Neno hili ni refu, basi tulisome polepole: fi-zi-o-the-ra-pi-a. Maana yake ni tiba ya viungo. Hatibu kwa sindano wala kwa vidonge. Hutibu kwa mazoezi, kwa mikono yake, na kwa kumfundisha mgonjwa namna ya kukaa, kusimama, kutembea na kubeba mzigo.

Nchini kwetu wataalamu hawa wamesomea kazi yao kwa miaka kadhaa. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilifunguliwa mwaka 1971, na ni moja ya mahali panapojulikana kwa kuwafundisha. Huko Moshi pia kuna chuo kiitwacho TATCOT kilichoanza mwaka 1981. Chuo hicho hufundisha mafundi wa kutengeneza miguu ya bandia na vifaa vya kushikilia viungo.

Ukifika kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kwanza atakuuliza maswali. Uliumia lini? Unafanya kazi gani? Unashindwa kufanya nini? Kisha atapima goti linakunja kiasi gani, na nyama zina nguvu kiasi gani. Halafu atakuonyesha mazoezi. Atakutazama ukiyafanya. Atakuambia uyafanye nyumbani mara ngapi kwa siku.

Hapa ndipo wengine hukata tamaa. Husema, "Nimepanda gari mpaka mjini, sikupewa hata kidonge kimoja!" Ndugu msomaji, dawa yenyewe ni yale mazoezi. Haba na haba hujaza kibaba. Anayekunja goti kila siku, leo kidogo na kesho kidogo, huliona likilegea wiki hata wiki. Anayesubiri kidonge ataendelea kusubiri.

NI NANI ANAMHITAJI?

Hawa wafuatao wasikae nyumbani bila kuuliza:

1. Aliyevunjika mfupa, na baada ya plasta kufunguliwa kiungo hakikunji au hakina nguvu.

2. Aliyepata kiharusi. Huyu aanze mapema, mara tu daktari atakapomruhusu. Miezi mitatu ya kwanza ina faida kubwa kuliko ile inayofuata. Hata hivyo, aliyechelewa asikate tamaa.

3. Mwenye maumivu ya mgongo yasiyokwisha, hasa anayebeba mizigo, anayevuta nyavu au anayelima kwa jembe la mkono.

4. Mtoto ambaye amefika miezi tisa na hawezi kukaa, au ana mwili mkakamavu au mlegevu kupita kiasi.

5. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Huyu apelekwe hospitali katika wiki zake za kwanza. Daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Marekani, alionyesha namna ya kunyoosha nyayo hizo kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki. Baadaye mtoto huvaa viatu maalumu kwa miaka michache ili nyayo zisirudi kupinda. Njia hii inatumika duniani kote, pamoja na Tanzania.

6. Aliyeungua moto karibu na kiungo. Kovu likiachwa hivi hivi huvuta ngozi na kukikunja kiungo.

SAFARI YA KWANZA ILIYOPOTEA

Turudi kwa mvuvi wetu. Kijana wake alisikia sokoni kwamba hospitalini mjini yupo mtaalamu wa viungo. Wakauza majogoo wawili ili wapate nauli. Kijana akachukua kadi ya bima ya familia. Alfajiri wakaondoka.

Walipofika mapokezi, walimkuta mama mmoja mtumishi.

"Shikamoo, mama," kijana akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mna shida gani?"

"Nimemleta mzee kwa mtaalamu wa viungo. Tuna bima."

"Bima ya mfuko gani?"

Kijana akanyamaza. Hakujua. Akatoa kadi.

Mama yule akaitazama. "Mwanangu, kadi hii muda wake umekwisha tangu mwezi uliopita. Na barua ya rufaa iko wapi?"

"Barua gani, mama?"

"Barua ya kutoka kwenye zahanati yenu. Isitoshe, leo kliniki ya viungo haipo. Mngeuliza kwanza, mngejua siku yake."

Mzee na kijana wakarudi Mugango. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, ilipotea. Majogoo wawili yalikwenda bure. Jioni ile mzee akamwambia mkewe, "Mimi siendi tena. Nitakufa na mguu wangu huu."

Mama wa mapokezi hakuwatukana. Mvuvi hakuwa mvivu. Kijana hakuwa mjinga. Kilichokosekana ni maswali machache tu, ambayo yangeulizwa kabla ya safari. Mfano huu tumeutunga, lakini mambo kama haya huwapata watu.

ANZA HAPO HAPO KIJIJINI

Safari ya kumtafuta mtaalamu huanzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Huduma za afya nchini kwetu zimepangwa kama ngazi. Ngazi ya kwanza ni zahanati. Ya pili ni kituo cha afya. Ya tatu ni hospitali ya wilaya. Ya nne ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Juu yake kuna hospitali ya kanda, na mwisho hospitali ya taifa na hospitali maalumu.

Kwa kawaida mtaalamu wa fiziotherapia hayupo kwenye zahanati. Lakini mganga wa zahanati ana vitu viwili unavyovihitaji. Kwanza, anajua mtaalamu anapatikana wapi, au anaweza kuuliza kwa simu. Pili, anaweza kukuandikia barua ya rufaa. Barua hiyo ndiyo inayosema wewe ni nani, umeumwa nini, na kwa nini unapelekwa mbele. Mifuko mingi ya bima huitaka.

Kwa watu wa Mugango na vijiji vya jirani, ulizeni kwanza kama hospitali ya wilaya ina mtaalamu huyo. Ikiwa hana, hatua inayofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mara, iliyoko Musoma. Majengo yake ya Kwangwa yalikaa miaka mingi bila kumalizika, na sasa yanatoa huduma. Jina la Mwalimu Nyerere ndilo lililopewa hospitali hiyo. Shida ikizidi uwezo wa mkoa, mgonjwa hupelekwa Bugando, Mwanza. Hiyo ni hospitali ya kanda ya ziwa, nayo ilifunguliwa mwaka 1971.

Usiruke ngazi bila sababu. Anayeruka ngazi anaweza kuambiwa alipe mwenyewe, hata kama ana kadi.

Lakini ajali kubwa na kiharusi kinachoanza havisubiri barua. Ukimwona mtu mdomo umekwenda upande, mkono umelegea ghafla, au maneno yanakokota, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

KADI YAKO NI YA MFUKO GANI?

Kusema "nina bima" hakutoshi. Ni kama kusema "nina mtumbwi" bila kusema uko ufuko gani. Bima ni nyingi, na kila moja ina taratibu zake.

Hapa nchini Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ulianza kujaribiwa wilayani Igunga mwaka 1996. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ulianza kazi mwaka 2001, kwanza kwa watumishi wa serikali. Mwaka 2018 ikaja CHF iliyoboreshwa. Vijijini, kaya ya watu hadi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Kisha mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Zipo pia bima za makampuni, ambazo wafanyakazi wengine hukatiwa na waajiri wao.

Mipango imebadilika mara kadhaa, na watu wengi wamebaki na kadi za zamani sandukuni. Kwa hiyo itoe kadi yako leo, uisome. Hapa ndipo utaona faida ya kujua kusoma. Tazama mambo manne:

Kwanza, jina la mfuko. Ni NHIF? Ni CHF? Ni kampuni?

Pili, jina lako. Je, limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho chako cha taifa? Herufi moja ikikosewa inaweza kukuchelewesha dirishani.

Tatu, namba ya uanachama. Iandike kwenye daftari pia, ili kadi ikipotea usipotee nayo.

Nne, tarehe ya mwisho. Ikiwa tarehe imepita, au huioni, nenda ukaulize kwa mtendaji wa kijiji au kwenye zahanati kabla hujaugua. Wa NHIF wanaweza kuuliza katika ofisi ya mfuko huo ya mkoa, Musoma.

Kadi si jembe la kuazimana. Usimpe jirani atibiwe kwa jina lako. Ni kosa, na tena taarifa za ugonjwa wake zitaandikwa kuwa zako.

HATA KADI HAI HUULIZWA

Pengine utasema, "Kadi yangu ni hai, basi nauliza nini tena?" Sikiliza jambo hili. Mwezi Machi mwaka 2024, baadhi ya hospitali za binafsi nchini zilisimamisha kuwapokea wanachama wa NHIF. Hospitali hizo na mfuko hawakukubaliana juu ya bei mpya za huduma. Wanachama walikuwa na kadi hai mikononi. Hata hivyo, waliofika kwenye hospitali hizo siku zile waliambiwa walipe fedha taslimu au waende kwingine.

Hilo linatufundisha kwamba bima ni mapatano ya pande tatu: wewe, mfuko, na hospitali. Wewe ukitimiza sehemu yako, bado unapaswa kujua kama hospitali unayokwenda ina mkataba na mfuko wako siku hiyo.

Jambo la pili ni huduma yenyewe. Bima inaweza kulipia daktari na dawa, lakini si lazima ilipie kila kitu. Katika mafao ya NHIF, tiba ya viungo imekuwa imo, na baadhi ya vifaa vya kusaidia viungo pia. Lakini aina za uanachama hutofautiana. CHF nayo ilikuwa na mipaka yake. Kwa hiyo usiulize tu "mnapokea bima?" Uliza pia "inalipia tiba ya viungo?"

MASWALI SABA YA KUULIZA KABLA YA SAFARI

Yaandike kwenye daftari. Ukipiga simu, au mganga wa zahanati akikupigia, yasome moja baada ya jingine. Majibu yaandike pale pale.

1. Je, hapo yupo mtaalamu wa fiziotherapia? Anaona wagonjwa siku gani, na kuanzia saa ngapi?

2. Je, nije na barua ya rufaa? Itoke ngazi gani?

3. Kadi yangu ni ya mfuko huu (taja jina). Je, mnaipokea?

4. Je, mfuko huo unalipia tiba ya viungo hapo kwenu? Unalipia mara ngapi? Je, kunahitajika kibali cha mfuko kabla ya kuanza?

5. Nikihitaji magongo, kiti cha magurudumu au kifaa kingine, je, nacho kinalipiwa?

6. Kuna kiasi chochote nitakacholipa mwenyewe? Ni shilingi ngapi?

7. Ninatoka mbali. Je, naweza kufundishwa mazoezi nikayafanya nyumbani, kisha nirudi baada ya wiki kadhaa?

Swali la saba usilisahau. Mtu wa mjini anaweza kwenda kila wiki. Mtu wa Mugango nauli itamshinda. Mtaalamu akijua unatoka mbali, anaweza kukupangia mazoezi ya nyumbani na kumfundisha ndugu wa kukusaidia. Ndiyo maana ni vizuri mgonjwa aende na mtu atakayekaa naye nyumbani.

Ukilazwa hospitali, usisubiri kurudi kijijini ndipo uulize. Uliza siku ya kutoka wodini, au siku ya kufunguliwa plasta: "Daktari, nianze mazoezi lini, na nimwone nani?"

KAMA HUNA BIMA

Asiye na bima asijifiche nyumbani. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha wa malipo katika vituo vya serikali kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano, kwa wajawazito, na kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Maskini wasioweza kabisa kulipa nao waliwekewa utaratibu wao.

Anza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Omba barua inayoeleza hali yako. Ukifika hospitali, uliza ofisi ya ustawi wa jamii. Maofisa wa ofisi hiyo ndio wanaoshughulikia mambo ya namna hiyo. Sema kweli mapema, kabla ya kuanza matibabu. Ni vigumu kusaidiwa baada ya deni kuandikwa.

UKIWA UNASUBIRI

Kuna mambo ya kufanya nyumbani wakati unangoja siku ya kliniki.

Aliyelala kitandani kwa kiharusi ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asipate vidonda vya mgongo. Mkono uliolegea usivutwe. Unapomwinua, mshike kiunoni na mgongoni. Ukimvuta mkono, bega litateguka.

Mwenye plasta achezeshe vidole vyake mara nyingi kwa siku. Mguu uwekwe juu ya mto. Vidole vikivimba sana, vikiwa vya baridi au vya bluu, au vikifa ganzi, au maumivu yakizidi kupita kiasi, arudi hospitali mara moja. Asisubiri kupambazuke. Plasta inayobana inaweza kuua mguu.

Wapo wazee wetu wanaojua kukanda. Tunawaheshimu. Lakini usikubali kiungo kilichokakamaa kikunjwe kwa nguvu. Mfupa ulioungana karibuni unaweza kuvunjika tena. Usikubali pia banzi kufungwa kwa kukaza sana. Na mguu uliovimba nyuma ya goti, tena una joto na unauma, usikandwe. Mwonyeshe mganga kwanza.

SAFARI YA PILI

Mvuvi wetu alikuwa amekata tamaa. Lakini kijana wake alikwenda kwenye zahanati akamweleza mganga habari yote.

Mganga akamwuliza, "Kwa nini hamkupitia hapa?"

"Hatukujua, daktari."

"Sasa mmejua. Mlete mzee nimwone. Na kadi, nendeni mkaishughulikie kwanza."

Wakalipia kadi. Wakangoja mpaka mganga alipowaambia kuwa imekubali. Mganga akapiga simu mjini, akauliza siku ya kliniki na kama mfuko wao unapokelewa. Akaandika barua. Kijana akaitia pamoja na kadi, kitambulisho na picha ya mfupa katika mfuko mmoja wa plastiki.

Safari hii walipokelewa. Mtaalamu aliwafundisha mazoezi manne. Kijana akayaandika kwenye daftari la shule. Nyumbani, mzee aliyafanya asubuhi, adhuhuri na jioni. Siku za kwanza alikuwa akitokwa jasho. Mkewe alihesabu kwa sauti, ili asiruke hata moja. Wakarudi kliniki baada ya wiki tatu, na tena baada ya mwezi.

Goti halikurudi kama la ujana. Kwenye mawe bado hushika fimbo. Lakini linakunja kiasi cha kumwezesha kukaa ndani ya mtumbwi. Mtumbwi umerudi mikononi mwake.

KAZI YA KIJIJI

Mwaka 1973 wananchi wa Tanzania walikusanyika kwenye vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walisoma, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji. Walisoma na kutenda.

Nasi tufanye hivyo. Katika kila kitongoji wapo watu waliokaa chini ya mwembe. Wapo watoto waliofichwa ndani kwa sababu hawatembei. Mhudumu wa afya wa kijiji, pamoja na mabalozi, wanaweza kuandika orodha yao. Orodha hiyo ipelekwe kwenye zahanati. Mganga wa zahanati anaweza kuwasilisha ombi kwa Mganga Mkuu wa wilaya, mtaalamu aje siku moja awaone watu wengi pamoja. Ni rahisi zaidi mtaalamu mmoja kuja Mugango kuliko watu ishirini wenye magongo kwenda mjini.

Kuuliza si ujinga. Uliza kwanza, kisha panda gari.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini goti hukakamaa baada ya plasta?

2. Mtaalamu wa fiziotherapia hutibu kwa njia gani?

3. Kijana wa mvuvi alikosea nini katika safari ya kwanza? Taja mambo matatu.

4. Itazame kadi yako ya bima. Ni ya mfuko gani? Muda wake unakwisha lini?

5. Katika kitongoji chenu, ni watu wangapi wanaomhitaji mtaalamu huyu? Mtafanya nini juu yao wiki hii?